Yakini ya Mnywaji na Shaka ya Mtoaji

Wanazuoni wa fikihi, walipoketi kuandika juu ya ibada, aghalabu walianza na mlango wa maji, kwa kuwa sala haisihi bila ya tohara. Na kanuni ya kwanza waliyoiweka katika mlango huo ni kwamba asili ya maji ni usafi, yaani maji yaliyoshuka kutoka mbinguni au yaliyobubujika ardhini huhesabiwa kuwa tohara mpaka ipatikane yakini ya kinyume chake, wala yakini ya usafi haiondolewi na shaka. Tabibu wa zama zetu, na mtaalamu wa maabara aliye pamoja naye, wameanza upande wa pili kabisa: kwao maji ya mto, ya kisima, na hata ya bomba, ni ya kushukiwa mpaka yapimwe, na yakishapimwa leo yatashukiwa tena kesho. Basi mtu aliyelelewa katika kanuni ile, na kisha akasomeshwa hii, ashike ipi anapokinga kikombe chake chini ya bomba? Akiishika ya kwanza huenda akanywa maradhi kwa dhana njema, na akiishika ya pili huenda akaishi katika wasiwasi, nao wasiwasi ni ugonjwa ambao wanazuoni wenyewe walituhadharisha nao.

Swali hili nimelitafakari nikiwa Longisa, mji mdogo wa kaunti ya Bomet, juu ya barabara kuu itokayo Bomet kwenda Narok. Mji huu umekaa baina ya mito miwili, Nyangores upande wa magharibi na Amala upande wa mashariki, ambayo yote miwili huzaliwa katika msitu wa Mau, ikashuka kila mmoja kwa njia yake, kisha ikakutana kusini na kuwa mto mmoja, Mara, ambao hupita katika mbuga za wanyama za Kenya na Tanzania mpaka ukamwagika katika ziwa Viktoria. Kuelekea msituni kuna mashamba ya chai yaliyopandwa kwa safu; chini yake kuna mahindi, viazi, na malisho ya ng'ombe wa maziwa; na mvua huko haina ubahili. Mgeni atokaye pwani, alikozoea visima vyenye chumvichumvi, hutazama vijito vile na kusema moyoni kwamba watu wa nchi hii wamejaaliwa neema isiyo na hesabu, wala hasemi uongo, ila hajasema yote.

Kwani maji yashukayo kutoka mlimani hayashuki peke yake. Masika yakiingia, udongo wa mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni hushuka pamoja nayo, na mto uliokuwa mweupe huwa mwekundu kwa siku nyingi. Samadi ya malishoni na uchafu wa vyoo vya shimo vilivyochimbwa karibu na kijito hushuka pia. Mbolea ya chai na ya mahindi huacha naitreti, ambayo ikizidi miligramu 50 katika lita moja humdhuru mtoto mchanga, kwa kuizuia damu yake isibebe hewa. Na katika nchi ya mifugo kama hii hatuna budi kuyakumbuka majosho, ambamo tangu zama za ukoloni ng'ombe wa Afrika Mashariki waliogeshwa kwa dawa za kupe zilizotiwa arseniki, na baadaye kwa dawa nyingine kali. Katika vitu hivi vyote, udongo ndio pekee unaojitangaza. Vilivyobaki huja kimya, na kikombe kilichobeba naitreti au arseniki hakitofautiani kwa macho na kikombe cha maji ya mvua.

Wahandisi wa maji wanazo hila zao njema za kupambana na hayo. Maji yavutwayo mtoni hutiwa shabu, ile ile ambayo wazee wa pwani waliijua tangu kale, ili tope ligandamane na kuzama. Kisha hupitishwa katika chujio la mchanga. Kisha hutiwa klorini na kuachwa kwa muda usiopungua nusu saa ili dawa ifanye kazi yake, na inatakiwa baki ya dawa hiyo, kiasi cha miligramu 0.2 mpaka 0.5 kwa lita, ionekane hata katika bomba la mwisho. Lakini kila hatua hutegemea ile iliyotangulia: tope likipita chujio, klorini huishia kupigana na tope badala ya vijidudu, na maji yakikatwa kwa ratiba, leo mtaa huu na kesho ule, nguvu ndani ya bomba hupungua, na penye ufa bomba huvuta ndani uchafu ulioko nje yake. Kwa hiyo maji yaweza kutoka mtamboni hali ni safi yakafika nyumbani hali si safi, wala asiwepo mtu mmoja wa kunyoshewa kidole.

Wazee wetu waliyahukumu maji kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wa pwani, yameeleza kwamba maji yakifika kulateni, yaani takriban lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka mojawapo ya sifa hizo tatu ibadilike. Na maji yaliyo machache kuliko hayo hunajisika kwa kuguswa tu. Mtu asiharakishe kuicheka hukumu hii. Ndani yake mna maarifa ya kweli, kwamba wingi wa maji huupunguza uchafu na uchache huuzidisha; tena mna rehema, kwa sababu sheria iliyoteremshwa kwa mchungaji na msafiri haikuweza kumkalifisha ajue asichokuwa na ala ya kukijua. Ila hukumu ile ilikuja kujibu swali la ibada, kama mtu aweza kutawadha kwa maji haya akasimama mbele ya Mola wake. Haikuja kujibu kama mtoto wa miezi sita aweza kuyanywa na asiugue. Tukiwajibisha hisi zetu tatu zijibu swali la pili, tumezitwika mzigo zisioumudu.

Ushahidi wa hayo ulipatikana mapema katika mji wa London, mwaka 1854, kipindupindu kilipoushika mtaa wa Soho, na tabibu John Snow akafuatilia vifo nyumba kwa nyumba mpaka vikamfikisha kwenye bomba la Broad Street. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo mjane mmoja wa Hampstead, mbali kabisa na mtaa ule, ambaye zamani alikaa karibu na bomba hilo na akayapenda maji yake kwa utamu wake hata akawa anachukuliwa chupa kwa gari. Utamu ule ule aliouchagua ndio uliomfikisha kaburini. Na Snow mwenyewe, alipoyatazama maji yale kwa darubini, hakuona la kumkinaisha mtu. Hoja yake aliijenga juu ya hesabu ya wafu, ilhali kijidudu chenyewe kilikuja kujulikana kwa watu wote miaka thelathini baadaye, kwa kazi ya Robert Koch huko Misri na Kalkuta.

Wala habari hizi hazikuwa za Wazungu peke yao. Tabibu James Christie, aliyekaa Unguja katika zama hizo, alieleza katika kitabu chake cha 1876 jinsi kipindupindu cha 1869 kilivyoshuka kutoka bara, kikapita nchi ya Wamasai, kikafika Pangani, kisha kikavuka bahari na kuua maelfu mjini Unguja. Sayyid Barghash, aliyekalia kiti cha usultani mwaka 1870 kumbukumbu ya msiba huo ikiwa bado mbichi, ndiye aliyekuja kuyaleta maji ya chemchemi ya karibu na Bububu kwa mfereji mpaka mjini, raia wakayanywa bila ya malipo. Hakuwa na maabara. Alikuwa na kumbukumbu ya maziara, akafahamu kwamba mtawala aliyewaona watu wake wakifa kwa maji hana tena ruhusa ya kuyadhania maji mema.

Na kipimo chenyewe ni nini? Mtaalamu huchota mililita 100 katika chupa iliyotakaswa, huzipitisha katika utando wenye matundu madogo mno, huuweka utando juu ya chakula cha vijidudu katika joto la nyuzi 44, na siku ya pili huhesabu vidoa vilivyoota. Anachokitafuta aghalabu ni bakteria iitwayo Escherichia coli, ambayo makazi yake ni matumbo ya watu na ya wanyama. Nyingi katika jamii ya bakteria hiyo hazimdhuru mtu. Ila zikionekana majini zimetoa habari kwamba kinyesi kimepita pale, na penye kinyesi hapana amani na homa ya matumbo wala kipindupindu. Kwa hiyo kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba katika mililita 100 za maji ya kunywa isionekane hata moja. Basi bakteria hiyo ni shahidi zaidi ya kuwa mkosaji, na chupa ile ndogo imesimama mahali pa maelfu ya lita ambazo hakuna aliyezitazama.

Hapa fikihi, ambayo twadhani imeachwa nyuma, yarudi na hekima iliyo mpya. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj yake ambayo darsa za pwani zimeisoma kizazi baada ya kizazi, ameeleza kwamba mtu mwenye kukubalika riwaya yake akikupa habari kuwa maji yamenajisika, nawe umemjua kuwa ni mwaminifu, inakulazimu kumtegemea, kwa sharti abainishe sababu, ila awe ni mjuzi wa fikihi anayeafikiana nawe katika madhehebu. Tena mtu huyo si lazima awe mwanamume, maana riwaya ya mwanamke mwaminifu hukubaliwa kama ya mwanamume. Tazama mambo matatu yaliyokusanywa hapo: ujuzi, uaminifu, na kueleza sababu. Mhudumu wa maabara aandikaye kwamba maji ni mazuri, asiseme amepima nini, lini, na kwa bomba lipi, ametoa habari isiyotimiza sharti ambalo mwanachuoni wa karne ya kumi na tatu aliliweka kwa ajili ya birika la kutawadhia.

Sharti la kueleza sababu lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa kipimo hakijibu ila lile kilichoulizwa. Katika nchi ya Bangladesh, tangu miaka ya 1970, visima vya mabomba vilichimbwa kwa wingi, na mashirika ya kimataifa yakasaidia, ili wanakijiji waache maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiwaua watoto kwa kuhara; nia ilikuwa safi, na kwa habari ya vijidudu maji yalikuwa afadhali sana; lakini hakuna aliyeyauliza kuhusu arseniki, mpaka mwaka 1993 ilipothibitishwa kwamba iko humo, na mamilioni ya watu wamekwisha kuyanywa kwa miaka mingi. Aliyesema maji yale ni salama hakusema uongo juu ya alichokipima. Alikosea kuutoa usalama wa jambo moja akaufanya usalama wa mambo yote.

Fauka ya hayo, mpaka wenyewe baina ya salama na hatari huwekwa na wanadamu. Floridi, ambayo katika Bonde la Ufa hutoka katika miamba ya volkano na kuyatia meno ya watoto rangi ya kahawia, na ikizidi huipinda mifupa, imewekewa na Shirika la Afya Duniani mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Lakini Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu miligramu 4, kwa sababu sehemu nyingi za Arusha na jirani zake hazikuwa na maji mengine. Je, serikali ilidhulumu? Nadhani mwenye insafu atasema kwamba kumpa mtu maji yenye dosari ni bora kuliko kumnyima maji, ila inakuwa dhuluma pale mnywaji anapofichwa kwamba mpaka ule uliwekwa na uhaba, akadhani umewekwa na afya yake.

Sasa turudi kwenye kanuni zetu mbili, ile ya yakini na ile ya shaka, ambazo mwanzoni zilionekana kugombana. Mimi naona ugomvi wao hutokana na sisi kuzielekeza kwa mtu mmoja, ilhali zina wenyewe wawili. Kanuni ya kwamba asili ya maji ni usafi ilimhutubia mja asimamaye peke yake na birika lake, ikamwondolea taklifu ya kuchunguza asichokiona. Kanuni ya kushuku humhutubia yule aliyeyashika maji ya wenzake, kwa kuwa aliyepewa amana hana haki ya kuidhania mema. Mlinzi wa hazina hawezi kujitetea kwa kusema kwamba asili ya watu ni uaminifu. Kwa hiyo kushuku ni wajibu wa mtoaji, na kuwa na yakini ni haki ya mnywaji, na haki hii huzaliwa na wajibu ule: kadiri mwenye mtambo anavyoshuku zaidi, akapima na kupima tena, ndivyo mwenye kikombe anavyostahiki kuamini zaidi. Ndiyo maana Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu chake cha 43, haikuridhika kusema kwamba kila mtu ana haki ya kupata maji, bali imesema yawe masafi, salama, na ya kutosha.

Balaa yetu ni kwamba mambo haya yamegeuzwa. Bombani Longisa nilimkuta mama mmoja wa makamo akisuuza mtungi wake, na baada ya kuamkiana nikamwuliza kama maji hayo huyachemsha. Akasema, "Nachemsha, mwalimu. Yakiwa meupe nachemsha, yakiwa mekundu nachemsha, kwa sababu hakuna mtu amewahi kuniambia ni siku gani nisichemshe." Maneno hayo yametimia. Mama yule, asiye na maabara wala mshahara wa kupima, ndiye aliyebeba shaka yote, naye huilipia kila siku kwa kuni, kwa makaa, na kwa saa zake. Na upande wa pili wa bomba, mara nyingi katika nchi zetu, ndiko dhana njema ilikokwenda kupumzika. Mwenye uwezo hununua maji ya chupa, akaitoa nafsi yake katika mashaka, na kwa hivyo bomba likapoteza wale ambao sauti zao zingesikilizwa upesi.

Yuko atakayesema kwamba matokeo yakitangazwa kwa watu wasiosomea elimu hii yatazua taharuki, watu watarudi mtoni, na madhara yatazidi. Hoja hii haikosi ukweli wake, kwani maji ya mto yasiyotiwa dawa ni mabaya kuliko ya bomba yaliyopungukiwa na dawa. Lakini aisemaye amesahau kwamba uvumi haungoji tangazo. Mtu asiyeambiwa hujiambia, na anayojiambia huwa makubwa kuliko yaliyomo. Watu wa Longisa, ambao wengi wao ni Wakristo na wasomaji wa Biblia, wanajua kisa cha nabii Elisha na wenyeji wa Yeriko, jinsi walivyomwendea hadharani wakamweleza kwamba mji wao umekaa pazuri ila maji yake ni mabaya, naye hakuwakemea kwa kuuchafulia mji jina, bali alikwenda mpaka kwenye chemchemi yenyewe akayatengeneza huko yanakotoka.

Na huko yanakotoka ndiko swali linakotugeukia sisi sote. Katika kitabu cha nabii Ezekieli wamelaumiwa kondoo wanono ambao, wakisha kunywa maji maangavu, huyavuruga yaliyobaki kwa miguu yao, na wenzao hawana ila kunywa walichokivuruga. Lawama hiyo haimhusu mwenye mtambo peke yake. Mkulima alimaye mpaka ukingoni mwa kijito, mwenye kiwanda afunguaye mfereji wake usiku, mfugaji amwagaye dawa ya josho mtoni, mwenye nyumba achimbaye choo juu ya chemchemi, kila mmoja wao ni mtoaji wa maji kwa aliye chini yake, hata kama hajui kwamba amepewa kazi hiyo. Na kwa kuwa Amala na Nyangores haisimami Longisa, aliye chini ni Mmasai wa Narok, na baada yake ni mvuvi wa Tanzania ambaye hatutamwona. Mtume alifundisha kwamba watu ni washirika katika maji, akakataza kukojoa katika maji yaliyosimama. Na mwenye kuufahamu ushirika huo ataona kwamba sehemu yake majini haimalizikii mpakani mwa shamba lake.

Basi ninalolidai si jambo kubwa, na kampuni yoyote ya maji, iwe Bomet, Kericho au Unguja, yaweza kulianza mwezi ujao. Penye kila kituo cha maji na kila zahanati pabandikwe karatasi moja kwa Kiswahili, na penye haja kwa Kikipsigis, iandikwe siku maji yalipopimwa, bomba lililopimwa, kilichotafutwa, kilichoonekana, na kisichotafutwa kabisa. Na chini yake iwepo sahihi ya mtu mwenye jina. Matokeo ya vijidudu hupatikana baada ya siku nzima, na maji yaliyopimwa yamekwisha kunywewa. Kwa hiyo karatasi hiyo haitamponya mtu wa jana, wala haitazuia peke yake ufa katika bomba. Faida yake ni kwamba itairudisha shaka kwa mwenye mshahara wa kuibeba, na itampa mama wa Longisa, kwa mara ya kwanza, sababu ya kuchemsha au ya kuacha kuchemsha. Naye akisha kuwa na sababu, atakuwa pia na haki ya kuuliza siku ambayo karatasi haikubandikwa.